Radhi Niliyotumwa Kuipeleka Birmingham

Tangu nirudi hamjaniacha nikapumua. Mwanamisi kanidaka sokoni nikiwa na nazi mkononi, Bi Sauda kanipigia simu nikiwa naoga, na nyote swali ni moja: "Rukia, ilikuwaje huko?" Nami nikianza kueleza naanzia katikati, narudi nyuma, kisha nainuka kwenda kutazama jiko. Mnanijua, kiti hakinikai. Basi nimeona niandike, mlisome siku ya chama mkiwa pamoja, na chai mpike wenyewe. Mambo ya viza na tikiti nayaruka. Aliyewahi kuyapitia anayajua, na asiyewahi sitaki kumharibia siku.

Wapo wenzetu wapya ambao hawakumjua Nassor. Alikuwa mtoto wa pekee wa dada yangu Mwanaidi. Alikwenda Birmingham kusoma, akakaa kwa Mama Hodan, yule Msomali wa Garissa aliyekuwa jirani yetu hapa Mombasa kabla ya kuhamia Uholanzi na kisha Uingereza. Masomo akayaacha, akaingia jeshi la Waingereza. Alipokuja likizo kutuaga dada akamwambia palepale mlangoni, nami nipo nimesimama: "Ukivaa magwanda ya watu, radhi yangu huna." Nassor akasema, "Haya mama," akaondoka.

Hakufa vitani. Gari la jeshi lilipinduka mazoezini, milimani huko kwao, naye yumo ndani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Kwetu maiti haiwekwi, na dada alipoulizwa kwa simu alisema, "Mzikeni huko huko," basi akazikwa Birmingham. Huu ni mwaka wa pili.

Tangu hapo dada halali. Anazunguka nyumba, anafungua mlango, anaufunga. Maalimu alimwambia kuwa radhi anaweza kuitoa hata akiwa kitandani, Mungu anasikia. Dada akamjibu, "Kusikia anasikia. Lakini nilimnyima uso kwa uso, nitampa uso kwa uso." Na miguu yake mnaijua, ngazi za nyumbani kwake tu zinamshinda. Ndugu wa kiume hatuna. Basi nikatumwa mimi, maana mama mdogo naye ni mama.

Maneno alinisomesha kama mtoto wa chuoni mpaka nikayahifadhi: "Nassor mwanangu, mimi mamako Mwanaidi nimekuwia radhi, duniani na akhera." Niyaseme kaburini, mara tatu, na simu iwe imepigwa, yeye asikie. Akanishika kidevu. "Ukifika, kaburini kwanza. Kula utakula baadaye. Nakujua wewe na tumbo lako."

Mombasa mpaka Nairobi

Mzigo wangu ulikuwa halwa, achari ya embe, bizari ya pilau na kanga mbili za Mama Hodan. Treni iliondoka vizuri, ikaja kusimama katikati ya nyika, hakuna stesheni wala nyumba. Mmoja akasema tembo wamelala kwenye reli. Mwingine akasema ni injini. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyejali isipokuwa mimi. Watu walifungua vyakula vyao wakawa wanakula tu. Mama mmoja wa Voi, jirani yangu wa kiti, alimenya mayai ya kuchemsha akanipa moja na chumvi yake ndani ya karatasi. Nikalila nimesimama.

"Mama, kaa," akaniambia mhudumu wa behewa.

"Nikikaa itaondoka?"

"Hapana."

"Basi niache nisimame."

Nilitembea ndani ya treni ile tangu behewa la kwanza mpaka la mwisho, nikarudi. Yule mama wa Voi akaniuliza nakwenda wapi na pupa yote hiyo. Nikamwambia, Ulaya. Akacheka, akasema basi mwenzangu, hata ukikimbia humu ndani hutafika kabla ya treni. Kweli hiyo, lakini ilinichoma.

Angani, na kwenye kiwanja cha Waarabu

Ndege ya Nairobi ilikaa na sisi ndani, imefungwa, haiendi, mpaka ya pili iliyotungoja huko kwa Waarabu ikaondoka bila sisi. Tukashinda kiwanjani. Ni kiwanja cha kupendeza, sikatai, sakafu unajiona uso, lakini mimi sikwenda kutazama sakafu. Nilizunguka maduka ya manukato mpaka wauzaji wakawa wananikwepa.

Hapo ndipo nilipokutana na Elisante, Mchaga wa Moshi, makamo hivi, kazi yake kuwatunza wazee huko huko Birmingham. Alinisikia nikigomba na simu yangu kwa Kiswahili. "Shikamoo mama," akasema, akanivutia kiti. Alikuwa na ndizi za kukaanga kwenye mfuko na akanikaribisha bila kuuliza.

"Mama unaenda kutembea?"

"Nakwenda mazikoni."

"Pole sana. Msiba wa lini?"

"Mwaka juzi."

Akatafuna, akafikiri, kisha akasema taratibu, "Kwa kweli ninyi watu wa pwani hamna haraka." Nikacheka, wallahi. Nilicheka mpaka machozi, na machozi yalipoanza yakaendelea na shughuli zake yenyewe. Elisante aliniwekea ndizi nyingine kwenye kiganja.

Birmingham kiwanjani, afisa aliniuliza nimekuja kumwona nani. Nikamwambia mtoto wa dada yangu. Anaishi wapi? Nikasema hapa hapa Birmingham, amezikwa. Akaita mkalimani kwenye simu, Mkongomani, na yule mkalimani badala ya kutafsiri akaanza kunipa pole yeye, mama pole, pole sana, na afisa anaitazama simu kama anayetazama redio iliyoharibika. Mwishowe aliyaelewa. Akagonga muhuri, akanipa pole naye, kwa Kiingereza.

Great Barr

Mama Hodan alikuja kunipokea na mumewe, Mzee Abdi. Yeye ni mtu mrefu, mkimya, ndevu zimepakwa hina, kazi yake ni kuendesha basi dogo la watoto wa shule. Kabla sijafunga mkanda wa gari nikasema, "Kaburini kwanza."

"Mama Rukia, nyumbani kwanza," akasema Mama Hodan. "Watu wanakungojea."

Watu gani? Kumbe alielewa kuwa nimekuja kumsomea Nassor hitima. Tukafika Great Barr, nyumba ya matofali karibu na ile barabara kuu ambayo magari yake yanavuma mchana kutwa, na sebule imejaa wanawake. Wengi ni Wasomali wa Kenya, wamekuja na vyombo. Sinia za wali wa Kisomali, nyama ya mbuzi juu, na ndizi mbivu pembeni, maana wao wali na ndizi huviingiza mdomoni pamoja. Nami nimeagizwa nisile.

Nikakaa pembeni nikasema nimeshiba. Mama Hodan akasogeza sinia. Nikasema nafunga. Akasema msafiri hafungi. Nikanyamaza, na mnajua mimi nikinyamaza watu huona pana jambo. Sebule nzima ikanyamaza pia. Mama Hodan akaniita jikoni, macho yamemjaa maji.

"Unatususia? Tulikosea nini? Tulimzika vizuri huyu mtoto. Abdi mwenyewe ndiye alimuosha. Sema tu kama mna kitu kwa roho."

Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Mwanamke huyu alimlisha Nassor miaka, akamlilia pasipo sisi, nami nimevuka bahari kuja kuukataa wali wake. Nikamkumbatia, nikarudi sebuleni, nikala mpaka kina mama wale wakaridhika. Ndizi na wali, kwa taarifa yenu, ni vitamu. Dada alipopiga simu kuuliza kama nimefika kaburini nikamwambia bado, na alipouliza kama nimekula nikasema mtandao mbaya.

Wageni walipoondoka nikamgeukia Mzee Abdi. Nikamweleza jambo lote: radhi, maneno, simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akitazama mikono yake.

"Wanawake kwa makaburi hapana," akasema. "Hiyo maneno nipe mimi. Nitapeleka."

"Mzee, mimi mwenyewe ni wakala. Radhi haina wakala wa wakala."

"Haraka ya nini? Kaa wiki mbili, pumzika. Tutaongea."

"Dada yangu halali, Mzee. Hiyo ndiyo haraka."

Akaenda kuswali, akaingia kulala. Hodan, binti yao mkubwa, anasikia Kiswahili chote lakini majibu yake ni Kiingereza, akaniambia babake hajawahi kurudi kule na hapendi kuulizwa. Nilimsikia, ila akili yangu ilikuwa kwingine. Nilikuwa nikifikiri nani mwingine anaweza kunipeleka.

Selly Oak

Alikuwapo mmoja. Nassor alipokufa alipiga simu msichana anaitwa Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyekulia Birmingham, akajitambulisha kuwa alikuwa jeshini pamoja naye. Sasa ameacha jeshi, anasomea uuguzi, anakaa Selly Oak, na anwani yake ninayo simuni. Asubuhi nikamuaga Mama Hodan kuwa natoka kunyoosha miguu. Nikainyoosha mpaka kituo cha basi, nikaenda mjini, nikauliza, nikapelekwa treni siyo, nikashuka, nikauliza tena. Mzee mmoja wa Kihindi aliacha shughuli zake akanisindikiza mpaka kwenye behewa lenyewe.

Selly Oak ni mtaa wa wanafunzi. Nyumba zimebanana, mapipa ya taka yamejipanga mbele, na siku hiyo vijana wawili walikuwa wamebeba kochi katikati ya njia, wamechoka, wamelikalia. Furaha anakaa na wenzake wanne wa makabila manne. Ndani ya friji kila mtu ana rafu yake na jina lake limebandikwa, hata maziwa yana jina. Nikajiuliza hawa wakigombana wanapatanishwa na nani.

"Karibu Mama, ingia, usitoshe viatu," akaniambia. Msichana mfupi, mkakamavu, nywele kazifunga nyuma, anatembea kama aliyeitwa. "Utakula? Iko sombe."

"Sili."

"Mama, utakula." Na akapakua. Kisamvu kile wao wanakitwanga mpaka kinakuwa laini kabisa, wanakitia mawese. Nikala tena. Nimekula sana katika safari hii, na kila tonge lilikuwa kinyume cha amri.

Sikuweza kujizuia, nikamuuliza kama alikuwa mchumba wa Nassor. Akacheka. "Non, Mama, haikukuwa vile. Alikuwa kaka yangu. Alikuwaka anapenda kulala sana, njo mimi nilikuwa namwamusha kila asubuhi, asipate matata." Kisha akaacha kucheka. "Ile siku ya gari, hata mimi nilimwamusha."

Nikaona mikono yake inatafuta kazi, inakunja kitambaa na kukikunjua. Nikamwambia tu, "Nipeleke alipo Nassor."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Akachukua koti.

Treni ya kaskazini

Hatimaye kitu kinakwenda. Tulipanda treni ile ile, ikarudi mjini, ikapita, ikaendelea kaskazini. Nikaona majengo yanapungua na mashamba yanaanza, kondoo wamelowa, nikajisemea mbona walimzika mbali hivi. Sikuuliza. Nilikuwa narudia maneno ya dada kimoyomoyo nisije nikayakosea. Ikasimama kwenye taa nyekundu, kwa muda wa kutosha mtu kupika ugali, lakini nilivumilia kwa kuwa nilijua naelekea penyewe. Kutoka stesheni tukachukua teksi.

Teksi ikatushusha kwenye bustani kubwa, miti kila upande, na juu ya kilima pana ukuta mweupe, mrefu, umezunguka. Ukutani majina. Wanajeshi waliofia kazini, wa vitani na wa mazoezini, wote pamoja. Furaha alikwenda moja kwa moja, kama mtu anayekwenda kwenye kitanda chake gizani, akaweka vidole juu ya jina la Nassor.

"Njo fasi yake, Mama."

Fasi kwao ni mahali, nikatazama chini. Sakafu ya mawe. "Amelala hapa?"

"Hapana. Hapa ni jina."

"Na yeye?"

"Ku makaburi. Kule mjini."

Nilikasirika, sitawaficha. Nilimwambia maneno ya haraka, kwamba nimevuka nchi ngapi, kwamba dada yangu anangoja, kwamba mimi sikutumwa kwa ukuta. Furaha alinisikiliza amesimama wima, mikono ubavuni, na baadaye nilijua kuwa ndivyo walivyofunzwa kusikiliza wakikaripiwa.

"Mama," akasema nilipomaliza, "mimi kaburi siijue. Ile siku ya kuzika, sisi banamuke tulibakia ku mlango wa makaburi. Banaume tu njo waliingia. Nilisimama na uniforme yangu, na medali, nikaangalia ukuta wa inje. Sasa mimi na wenzangu wa jeshi, tukimukumbuka, tunakuya hapa. Tunasimama, tunanyamaza, tunasema jina yake, tunarudia. Hatuna fasi ingine."

Hasira ikaniisha. Maana kwetu ni vivyo hivyo, shoga zangu, au sivyo? Sisi hupika, wao huzika. Mume wangu mwenyewe nililijua kaburi lake baadaye sana, kwa kuonyeshwa na mjukuu. Nilikuja Birmingham nimeegemea mwanamke wa Great Barr na msichana wa Selly Oak, waliompenda Nassor kuliko wote, na hakuna kati yao aliyewahi kuliona kaburi. Aliyelijua ni Mzee Abdi.

Simu ikalia. Dada.

"Umefika?"

Nikaingiwa na kishawishi. Jina lilikuwa mbele yangu, zuri, limechongwa na watu wanaojua kuchonga. Ningesema ndiyo, ningeyasema yale maneno mara tatu, nirudi nikapumzike. "Nimefika kwenye jina lake, dada," nikasema, nikamweleza ukuta.

Akasema, "Jina nilimpa mimi. Sina haja ya kulisafiria. Tafuta kaburi."

Garini mwa Mzee Abdi

Kesho yake Mzee Abdi aliporudi kutoka msikitini kuswali alfajiri, alinikuta nimekaa ndani ya gari lake, kiti cha mbele, mkanda nimefunga.

"Mama, teremka. Nachelewa kazi."

"Siteremki."

"Nimekuambia wanawake hapana."

"Mashekhe wamehitilafiana, Mzee, wengine wameruhusu. Leo fuata hao wa kuniruhusu, kesho urudi kwa wako."

Alizunguka gari akafungua mlango wangu, akausimamia. Sikumtazama. Nilitazama vumbi kwenye kioo, nikiogopa kuwa ataniacha hapo niaibike mbele ya majirani. Alikaa hivyo mpaka nikasikia pumzi zake zimebadilika.

"Mimi nilimuosha," akasema. "Mimi nilishuka ndani ya kaburi nikampokea. Alikuwa mzito. Huyu kijana alikuwa anakuja jikoni kwangu anamaliza maziwa yote, na mimi namgombeza. Nikasema nitaenda kumtembelea kila Ijumaa. Ijumaa ya kwanza nikafika mpaka kwa geti, miguu ikakataa. Mpaka leo."

Kumbe jambo halikuwa la wanawake wala la mashekhe. Nikamwambia, "Basi twende wote miguu ikatae." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Lakini alifunga mlango wangu taratibu, akaenda upande wake, akapiga simu kazini kuwa leo hatakuja.

Kabla hatujaondoka mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Mama Hodan, shungi mkononi, bado hajalivaa vizuri. "Na mimi kaburi sijaiona," akasema, akatazama mbele. Mumewe hakubisha. Nami nikampigia Furaha atukute getini. Njia nzima mimi, kwa mara ya kwanza tangu nitoke Mombasa sikutamani gari liende kasi.

Kaburini

Mvua ilikuwa ile ya kwao, hainyeshi wala haiachi. Furaha alikuwa amefika, amesimama nje ya geti pale pale aliposimama siku ile, na Mama Hodan akamtandia mtandio kichwani. Mzee Abdi alishika chuma cha geti kwa muda. Kisha akasema bismillahi, akaingia, sisi nyuma yake.

Siku waliyomzika Nassor, alituambia, alikuwa wa mwisho kwenye mstari, nyuma yake majani matupu. Sasa mistari imeongezeka mpaka kwenye ua. Mzee Abdi akaenda, akasimama, akarudi nyuma. Vibao vyote vifupi, vinafanana. Nikaanza kuona kiza. Nilifikiri, nitamwambia nini dada, kwamba hata aliyemzika hajui alipo? Mama Hodan akaanza kusoma Yasini kwa sauti ya chini. Ndipo mumewe akatoka kwenye njia, akapita kati ya makaburi, akapiga magoti mahali, akafuta kibao kwa mkono wa koti lake. Tuliuona mgongo wake ukitikisika, tukajua ni pale.

Nikamsogelea mwanetu. Tuta dogo, majani yameota, yamekatwa vizuri. Nikapiga simu. Haikuita hata mara moja, dada aliishika.

"Nipo," nikasema. "Hapa ndipo."

"Nani wapo?"

Nikamtajia: Mzee Abdi, Mama Hodan, Furaha.

"Weka simu kichwani kwake."

Nikapiga magoti, maji yakapenya kwenye gauni. Nikaiweka simu kwenye majani, sauti nimeifungua yote, nikakohoa nikaanza kama nilivyofunzwa: "Nassor mwanangu, mimi mamako Mwanaidi—"

"Nyamaza, Rukia. Leo tu, nyamaza."

Nikanyamaza. Tulisikia pumzi zake, na nyuma yake jogoo wa jirani huko Mombasa.

"Nassor," akasema dada yangu. "Ni mimi mama. Nimemtuma khalako akuletee radhi. Nimekaa hapa nikiingoja ifike, na kadiri inavyokaribia naona aibu. Kosa lako nini wewe? Ulitaka kazi, ukaenda kazini. Mimi ndiye niliyekuacha uende peke yako. Radhi unayo, ulikuwa nayo hata siku ile, ni mdomo tu ulioikataa. Ninayeomba ni mimi. Niwie radhi, mwanangu."

Sikuwahi katika maisha yangu kumsikia mama akimwomba mwana radhi. Nyie mmewahi? Na kwetu mtu akiomba radhi haachwi hewani, hata awe adui, hujibiwa. Sote tulisimama pale. Furaha alikuwa amesimama wima kijeshi na machozi yanamtiririka. Mzee Abdi alikuwa bado ameshika kibao. Mvua haiachi.

"Rukia."

"Labeka, dada."

"Amejibu nini?"

Nyote mnanijua mdomo wangu. Sijawahi kukosa jibu, si sokoni wala kwenye baraza. Pale nilitazama majani, nikatazama simu.

"Amesema amekuwia radhi."

"Duniani na akhera?"

"Duniani na akhera."

Yule jogoo akawika tena huko kwake.

"Mwongo wewe," akasema dada.

"Ndiyo, dada."

Nilimsikia akivuta kiti, akikaa.

"Basi rudia. Polepole."

Nikarudia.